Majina Yasiyoonekana Katika Orodha

Ujumbe wa Jumapili, Ibada ya Kiswahili, Doha
Masomo: Ezra 2:59–67; Nehemia 3:1–5 na 21; Mathayo 1:1–6



Najua wengi wenu mlisali Ijumaa pale Mesaimeer, na leo Jumapili mko kazini kama mimi. Mtausoma ujumbe huu kwenye basi la kampuni, au usiku baada ya zamu, miguu ikiwa imevimba. Nimeuandika nikiwafikiria ninyi.

Somo letu la kwanza ni lile ambalo wengi huliruka. Ezra sura ya pili ni orodha ya majina, mstari baada ya mstari: wana wa fulani, wana wa fulani. Mfalme Koreshi amewaruhusu Wayahudi warudi kwao kutoka Babeli, na kila ukoo unaandikwa. Orodha hiyo ilikuwa na kazi. Mtu aliyetaka shamba la baba zake, au nafasi ya kuhudumu hekaluni, alihitaji jina lake lionekane pale.

Sasa fika mstari wa 59. Wako watu waliotoka Telmela na Telharsha. Walifunga mizigo kama wengine, wakatembea njia ileile ndefu. Lakini walipoulizwa ukoo wao, hawakuweza kuonyesha nyumba ya baba zao, wala kuthibitisha kwamba wao ni Waisraeli. Wana wa Delaya, wana wa Tobia, wana wa Nekoda: jumla 652. Biblia haielezi kwa nini hawakuwa na kumbukumbu. Ila sisi tuliozaliwa katika mataifa yaliyopitiwa na vita na misafara tunaweza kuelewa. Uhamisho hupoteza maandishi, na huwaua wazee wanaokumbuka kabla hawajawasimulia wajukuu.

"Sisi ni watu wa misheni"

Mimi nimezaliwa Masasi, mji mdogo wa kusini mwa Tanzania. Utotoni, shuleni tuliulizana makabila. Huyu Mmakua, huyu Myao, huyu Mmakonde. Nikarudi nyumbani kumuuliza bibi mzaa baba sisi ni nani. Alikuwa anapepeta mahindi. Akajibu, "Sisi ni watu wa misheni, mjukuu wangu," akaendelea kupepeta. Nilipouliza mara ya pili alinituma maji.

Miaka mingi baadaye, tukiwa katika msiba wa ndugu, wazee walianza kutaja ukoo kama ilivyo desturi. Upande wa mama walikwenda mbali sana. Upande wa baba walifika kwa mtu mmoja mwenye jina la ubatizo, wakanyamaza. Binamu yangu mmoja alifuatilia katika kitabu cha ubatizo cha zamani. Jina la mzee huyo lilikuwepo, limeandikwa kwa mkono mzuri. Mahali pa jina la baba yake palikuwa na mstari tu.

Mstari ule, wapendwa, ndio Ezra 2:59 ya ukoo wetu. Na najua si wetu peke yetu. Wako humu kanisani watu wa Freretown na Rabai, wa Bagamoyo, wa Mbweni, wa Kilwa, wanaoujua ukimya huo.

Historia yenyewe inajulikana. Katika karne ya 19 njia kubwa ya misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje. Watu walishushwa pwani, wakapakiwa majahazini kwenda Unguja, na wengine kuvuka bahari hadi Uarabuni na Ghuba hii tunayoiona kila jioni tukitembea Corniche. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana pale Mkunazini, mahali pa soko lile. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha Freretown, Mombasa, kwa ajili ya waliookolewa majahazini. Na mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar, akashukia Lindi na kundi la watu walioachwa huru, akitaka kuwarudisha upande wa Nyasa walikochukuliwa. Safari iliishia Masasi, wakajenga pale. Ndivyo mji wetu ulivyopata misheni, na ndivyo bibi alivyopata jibu lake.

Hata huko hawakupumzika. Mwaka 1882 Masasi ilivamiwa na Wamagwangwara, na baadhi ya watu wakachukuliwa mateka tena. Fikiria mtu aliyekamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akaachiwa huru, akajenga nyumba, akakamatwa mara ya pili.

Maneno tuliyorithi

Utumwa haukuondoka na minyororo tu. Ulibaki pia katika lugha yetu tamu. Zamani pwani, "mjinga" lilikuwa jina la mtumwa mgeni, aliyefika karibuni, asiyejua lugha wala mila za mji. "Mshenzi" alikuwa mtu wa bara, yule anayeweza kukamatwa bila mtu kuuliza. "Mzalia" alizaliwa utumwani. "Muungwana" alikuwa mtu huru, mwenye ukoo. Mpaka leo tunamsifu mtu kwa kumwita muungwana, na tunamtukana kwa kumwita mshenzi, bila kujua tunasoma orodha ya bei ya zamani.

Na majina. Mabwana waliwapa watumwa majina waliyopenda wao: Mabruki, Faraji, Almasi, Marjani. Mtu aliyeitwa na mama yake kwa jina la babu yake, sasa anaitwa kwa jina la kito cha bwana wake. Majina hayohayo utayakuta ng'ambo hii ya bahari.

Tena tuna methali tunayoipenda harusini na vikaoni: mwacha asili ni mtumwa. Ni methali nzuri kwa anayejidai Mzungu baada ya miezi sita ya ughaibuni. Lakini imewachoma watu wasiostahili. Mzee wa mstari ule kitabuni hakuiacha asili yake. Aliporwa.

Katika mji huu tunaoishi

Wengi wenu mmepita Msheireb mkienda Souq Waqif. Hapo kuna nyumba iitwayo Bin Jelmood, iliyokuwa ya mfanyabiashara wa watumwa. Tangu mwaka 2015 ni makumbusho, na inasimulia wazi habari za utumwa katika Bahari ya Hindi na hapa Qatar: Waafrika walioletwa, waliozamia lulu, waliofanya kazi katika mashamba ya mitende na ndani ya nyumba za watu. Utumwa ulifutwa hapa mwaka 1952. Hesabuni wenyewe. Aliyezaliwa mwaka ule yuko hai, na huenda ni mgonjwa wangu wa wiki ijayo.

Nendeni mkaione, na watoto wakubwa mwende nao. Wenyeji wetu wamechukua nyumba ya aibu wakaifungua milango yake, na hilo linastahili heshima. Tujiulize ni familia ngapi za Kikristo kwetu zimethubutu kufungua hata sanduku moja.

Vilevile, Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, iliyofunguliwa mwaka 2014, inahifadhi majalada ya zamani ya maofisa wa Kiingereza wa Ghuba. Ndani yake kuna maelezo ya watu waliokimbilia kwao kuomba hati ya uhuru. Waliulizwa: jina lako nani, ulizaliwa wapi, ulichukuliwaje. Na hata pale ambapo karatasi hazikuandikwa, kumbukumbu ilijificha kwenye ngoma. Katika nchi za Ghuba huchezwa ngoma ya liwa, yenye asili ya Afrika Mashariki, kwa ngoma na zumari, na katika nyimbo zake yamebaki maneno ya Kiswahili. Watu walisahaulishwa kwao, lakini miili yao haikukubali kusahau yote.

Orodha inayotuumiza

Sasa rudini kwenye Ezra 2, mstari wa 65. Hapa ndipo Neno lilipnikamata, naomba lituguse sote.

Baada ya kuhesabu kusanyiko lote, watu 42,360, orodha inaongeza: mbali na watumwa wao na wajakazi wao, 7,337. Kisha waimbaji. Kisha mstari unaofuata: farasi 736, nyumbu 245, ngamia 435, punda 6,720.

Mmeona? Watu wanaotoka utekani, wenye machozi ya Babeli bado mashavuni, wanarudi nyumbani na watumwa wao. Na hao 7,337 hawana hata jina moja. Hakuna "wana wa". Wameandikwa karibu na farasi na punda. Wale 652 walikosa ukoo, lakini angalau tunajua majina ya vichwa vya nyumba zao. Hawa wamebaki tarakimu.

Biblia haikuuficha mstari huu. Ingeweza. Roho wa Mungu aliuacha pale ili tujue kwamba mtu aliyeonewa anaweza kuonea, na kwamba kutoka utumwani hakumfanyi mtu kuwa mwenye haki.

Historia yetu inasema hivyohivyo. Si kweli kwamba waovu walikuwa watu wa rangi moja. Waarabu na Waswahili waliongoza misafara. Wafanyabiashara wa Kihindi walikopesha mtaji. Wafaransa walinunua watu Kilwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao. Na kwetu bara, machifu waliuza mateka, Wayao waliwauza jirani zao, wajomba waliwauza wapwa. Katika damu yangu inawezekana yuko aliyeuzwa na aliyeuza. Hata uhuru ulipokuja haukuja kwa haki. Pale Rabai mwaka 1889, watu zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia misheni walipewa uhuru baada ya fidia kulipwa. Fidia hiyo walilipwa mabwana zao. Wao hawakulipwa kitu kwa miaka yao.

Na leo? Tunao dada zetu wanaofanya kazi katika nyumba za watu mjini humu. Tunawaita makadama. Nimesikia neno hilo hapahapa kwenye ua wa kanisa baada ya ibada, likisemwa kwa kicheko na watu wa ofisini. Ndugu zangu, wengi tuliokuja kwa ndege moja nao, tukipata kitambulisho kizuri na nyumba ya vyumba viwili, tunaanza kuandika orodha yetu: sisi kwa majina, wao kwa idadi. Ezra 2:65 haijaisha.

Mungu anafanyaje na wasio na karatasi?

La kwanza, walihesabiwa. Wale 652 hawakuachwa Babeli hadi uchunguzi ukamilike. Walipanda pamoja na wengine, na hesabu yao imo ndani ya Maandiko Matakatifu. Mungu alijua walikotoka hata pale ambapo karani hakujua.

La pili, Biblia inasema ukweli kwamba wengine walizuiwa. Miongoni mwa makuhani, wana wa Hakosi hawakuonekana katika kitabu, wakaondolewa katika ukuhani. Waliambiwa wasubiri mpaka asimame kuhani mwenye Urimu na Thumimu. Ni uchungu kuwekwa benchi kwa sababu ya karatasi iliyopotezwa na vita ya watu wengine. Lakini endelea kusoma. Katika Nehemia 3 ukuta wa Yerusalemu unajengwa, na mjengaji mmoja ni Meremothi, mwana wa Uria, mwana wa Hakosi. Anajenga kipande chake katika mstari wa 4, na katika mstari wa 21 anajenga kipande kingine. Na Ezra 8:33 inamtaja Meremothi mwana wa Uria kuhani, akipokea fedha na dhahabu za nyumba ya Mungu zipimwe mikononi mwake. Ukoo uliokosekana kitabuni ukaaminiwa hazina.

Kwetu pia ametenda hivyo. Cecil Majaliwa alikuwa mtoto wa Kiyao aliyeuzwa utumwani akafikishwa Zanzibar. Alilelewa misheni, akarudi kusini kuhudumu Chitangali, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika dayosisi ile. Katika uzao wake akatoka John Ramadhani, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana Tanzania. Huyo ndiye aliyeitwa "asiye na kwao".

La tatu, ukoo wa Bwana wetu wenyewe haukusafishwa. Mathayo angeweza kutaja wanaume tu na kuficha yaliyobaki. Akamtaja Tamari, akamtaja Rahabu, akamtaja Ruthu Mmoabi, na akamtaja mke wa Uria ili dhambi ya mfalme Daudi isisahaulike. Mwokozi alikuja kupitia ukoo uliosemwa ukweli.

Neno kutoka wodini

Katika kazi yetu, mgonjwa akiingia tunauliza historia ya familia: kisukari, shinikizo la damu, selimundu. Hatuulizi ili tumwaibishe. Tunauliza kwa sababu mwili unakumbuka hata familia ikinyamaza. Mtoto wa selimundu hupokea ugonjwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na wazazi hao wanaweza kuwa wazima kabisa, hawajui kitu. Nimeona nyumba ambazo shangazi watatu walizika watoto, na kila mmoja akaambiwa ni uchawi, kwa sababu hakuna aliyesema. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Aibu ya utumwa ni maradhi ya namna hiyo. Imefichwa, lakini inaumiza. Na nina sababu ya kuyasema haya leo. Wako vijana wawili wa ushirika huu wanaopendana na kuheshimiana, nao wameniruhusu niseme bila majina. Posa ilipopelekwa nyumbani, jibu likarudi: hao hawajulikani kwao, babu yao alinunuliwa. Barua ya posa imekaa tangu Pasaka. Wazazi wenyewe hawana neno. Wanaogopa wazee wa ukoo. Na baadhi ya wazee hao wana ndugu zao wanaosoma ukurasa huu.

Kwenu nasema kwa heshima yote, nikipiga magoti kama mtoto wenu: aliyenunuliwa hakutenda dhambi. Dhambi ilitendwa na aliyeuza na aliyenunua. Tukimkataa mjukuu wa aliyeonewa, tunaendeleza mnada uliofungwa mwaka 1873. Na kumbukeni, kila mmoja wetu anayekaribia meza ya Bwana amenunuliwa kwa damu. Hakuna muungwana wa kuzaliwa katika nyumba hii.

Tufanye nini?

Mnaokwenda likizo mwaka huu, kaeni na wazee. Msiwahoji kama polisi. Wasaidieni kazi, kaeni jikoni, ulizeni kidogo, kesho tena. Bibi aliyenituma maji hakuwa mkali; alikuwa na kidonda. Wakikubali, rekodini sauti zao kwenye simu. Ulizeni parokiani kama vitabu vya ubatizo vya zamani vipo. Andikeni majina kwenye kurasa za mwanzo za Biblia ya familia, na pale lisipojulikana jina msiweke mstari mtupu. Andikeni: Mungu anamjua.

Mkipata ukweli, msiufanye fimbo. Ezekieli 18 inafundisha kwamba mwana hauchukui uovu wa babaye. Kwa hiyo msimchukie jirani wa leo kwa ajili ya msafara wa jana. Lakini Nehemia, katika sura ya kwanza, aliungama pamoja na dhambi za nyumba ya baba yake. Yote mawili yanakwenda pamoja: hatuhukumiani kwa ajili ya mababu, wala hatuwafichi.

Na wiki hii, mtafute dada mmoja anayefanya kazi nyumbani kwa watu. Muulize jina lake kamili na la baba yake, na kwao ni wapi. Mwite kwa jina hilo.

Tuombe.

Ee Mungu, uliyemwona Hajiri jangwani alipokuwa hana wa kumwona, tunakuletea wale ambao majina yao yalifutwa. Wale walioanguka njiani kabla ya kufika Kilwa, waliozama na majahazi, waliozikwa pwani hii bila mtu wa kwao kuwalilia. Wewe unawajua mmoja mmoja. Tusamehe pale mababu zetu walipouza, na pale sisi tunapodharau. Waponye wanaobeba aibu isiyo yao. Wafungulie njia vijana wetu wawili, na ulainishe mioyo ya wazee. Tufanye wajenzi kama Meremothi, kila mmoja kipande chake, na kipande kingine tena. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

*Maswali kwa ajili ya vikundi vya nyumbani*

1. Katika ukoo wako, simulizi inakomea kwa nani? Nani bado yuko hai anayeweza kuongeza jina moja?
2. Ni maneno gani tunayotumia kila siku yanayomshusha mtu kwa asili yake au kazi yake? Tutayaacha vipi?
3. Soma tena Ezra 2:65–67. Katika ushirika wetu hapa Doha, ni akina nani tunaowahesabu bila kuwajua majina?